Raba za Stefan

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Ilipigwa Jumamosi alfajiri juu ya Daraja la Tanzanite, kikundi chetu cha jogingi kikipita, na jamaa aliyeirusha kwenye grupu hakuandika neno. Aliweka tu vile viuso vitatu vya kucheka mpaka machozi. Nikaifungua. Nikaona mtu mwenye bukta kama yangu, mabega yamepanda mpaka masikioni, mikono inapepeta mchele kifuani, na kila akikanyaga kisigino kinatangulia kwa kishindo utadhani anaua mende. Nikamwonea huruma. Kisha akageuza uso.

Zilikuwa zimebaki wiki tisa kabla ya nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21.1, na mpaka siku ile nilijua nina tatizo moja tu, la pumzi. Usiku huo sikulala. Nilisoma mpaka simu ikapata moto.

"Baba Nasra," mke wangu akasema kutoka ndani ya chandarua, "unasoma namna ya kukimbia? Nasra alianza kukimbia ana mwaka na miezi, na hakusoma popote."

Sikumjibu. Nilikuwa nimefika kwa kocha mmoja wa Marekani, Jack Daniels, aliyekaa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akihesabu hatua za wakimbiaji, akakuta karibu wote wanapiga 180 kwa dakika au zaidi. Kesho yake nikajihesabu: 152. Nikapakua programu ya kupiga mdundo, ti-ti-ti-ti, mara 180 kila dakika, unaiweka simu mfukoni unaifuata. Siku ya kwanza niliifuata hivyo hivyo, nikihema kama cherehani inayoshona sare za shule mwezi Januari.

Nikasoma pia kwamba ukitupa mguu mbele ukatua kwa kisigino unajifungia breki mwenyewe, bora utue kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Hilo ni sawa, ila kazi iliyokuwa ikifanywa na goti inahamia kwenye vigimbi na ule mshipa wa nyuma ya kisigino, na ndiyo maana waliandika, chini kabisa, kwamba uanze na dakika chache tu, uongeze taratibu wiki hadi wiki. Mimi ni msomaji wa juu juu.

Kilichonimaliza kabisa ni Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, saa 2:15:16. Peku! Hapo nikafunga simu nikalala, nimeshaokoka. Ningeendelea kidogo ningekuta kwamba Tokyo mwaka 1964 alishinda tena, safari hii amevaa viatu.

Sasa kuhusu viatu vyangu. Nilinunua mtumba, soko la Karume, elfu thelathini na tano baada ya kubishana mpaka muuzaji akanitukania njaa yangu. Mimi navaa 43, hizi ni 45, lakini niliambiwa mbio ndefu zinavimbisha miguu, chukua kubwa. Ndani ya ulimi wa kila raba mwenye nazo wa kwanza alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu nene: STEFAN. Sikulifuta. Niliona linaleta mwendo wa Ulaya.

Jumanne, saa kumi na nusu usiku, nikatoka. Mpaka ufukwe wa Coco nilikimbia na raba. Pale nikazivua, nikakimbia mchangani peku, kwa ncha ya miguu, simu mfukoni inanipigia ti-ti-ti-ti. Wallahi nilikuwa napaa. Sikujisikia kishindo hata kimoja. Ningerudi nyumbani na akili yangu ningevaa viatu, lakini utamu ukinikolea huwa sina akili. Nikazikwapua raba kwapani, nikakata kupitia vichochoro vya Msasani, bado peku.

Umeme ulikuwa umekatika. Mama mmoja alikuwa anamwaga maji ya ndoo mbele ya geti lake, nami nikampita kwa nyuma karibu kumgusa. Hakunisikia. Ndiyo sifa ya kutua kwa mbele ya unyayo, huna sauti. Nilikuwa najisifia jambo hilo hilo aliposhtuka, akaona mgongo wa mwanamume peku anayekimbia gizani na viatu kwapani.

"Mwiziii!"

Nikageuka kumtafuta mwizi. Nikaona vijana kama watano wa kijiwe cha bodaboda wanakuja mbio, nikasogea pembeni niwapishe.

Hawakupita.

Nasema kweli ningewakimbia, kwa namna nilivyokuwa napaa siku ile, isipokuwa hapo hapo kigimbi cha kulia kikakaza, kikawa jiwe, na cha kushoto kikakiunga mkono. Visigino vikakataa kugusa chini. Nikasimama kwa vidole, mikono juu.

"Muoneni, anataka kuchomoka tena huyo!"

"Viatu vya nani?" aliuliza mkubwa wao, amenimulika tochi ya simu.

"Vyangu."

"Vyako mbona hujavaa?"

Swali jepesi, lakini hebu lijibu wewe, saa kumi na moja alfajiri, umezungukwa. Nikasema kuna Mhabeshi mmoja, alikimbia bila viatu…

"Kumbe wako wawili! Huyo Mhabeshi kapitia wapi?"

Wawili wakatawanyika kumtafuta. Kukawa kimya kidogo, na katika kimya kile mfuko wangu ukasikika: ti-ti-ti-ti-ti-ti.

"Na simu ya watu anayo! Sikia, mwenyewe anaipigia."

"Avae hivyo viatu tuone," akasema mwingine, mtu wa busara. Nikachomeka mguu. Nyuma ya kisigino kidole cha mkono kikaingia, na nafasi ya kingine ikabaki. Mwenye tochi akainama, akavuta ulimi wa raba, akasoma polepole. Akaninyanyulia macho.

"Wewe ndiye Stefani?"

Nilikaa kimya. Kuna mmoja alikuwa ameshaokota nusu tofali na analipimapima uzito, bila haraka, kama mtu anayenunua papai.

"Subirini kwanza, wanangu." Sauti ilitoka kwenye jiko la vitumbua, upande wa pili wa kichochoro. Bibi mmoja, kanga kiunoni, kijiti cha kugeuzia mkononi. "Kuna baba hupita hapa kila Jumanne na Alhamisi. Sura simjui, ni giza. Ila mwendo wake naujua, nikiusikia najua unga umeshaumuka. Hebu akimbie."

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa unyenyekevu wote nilionao.

"Marahaba. Kimbia."

Nikakimbia. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipofika kileleni, maana kwa kutaka kupendeza nilikimbia vizuri. Ncha ya mguu, mgongo wima, mikono imetulia.

"Siye," bibi akasema, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Tofali likainuka.

"Bibi! Bibi, ngoja!" Nikafunga kamba za Stefan kwa mikono inayotetemeka, nikapandisha mabega masikioni, nikaanza kupepeta mchele. Vigimbi vilikuwa vinalia, lakini nilivibamiza visigino chini kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu: pwa! pwa! pwa! Mbwa wakabweka. Mtoto akalia ndani ya nyumba.

"Ndiye huyo!" bibi akapiga kofi. "Ndiye! Sasa nyie mwizi gani akimbie hivi? Si angekuwa ameshakamatwa tangu mdogo?"

Tofali likawekwa chini, taratibu, na nikaona mwenyewe kijana yule amesikitika kidogo. Nilinunua vitumbua ishirini, nikawagawia waliotaka kuniua. Mkubwa wao akanipeleka nyumbani kwa bodaboda, akanitoza mara mbili, nusu ya pili akaiita hela ya usumbufu. Siku nne nilishuka ngazi zetu nyumanyuma, nimeshika ukuta, Nasra akinihesabia.

Jumanne ya wiki iliyofuata nikapita tena kichochoro kile, na raba miguuni, simu nimeiacha nyumbani, visigino vinatwanga. Bibi hakuinua hata macho, akamimina unga kwenye chuma. Lakini kijiweni walikuwa wananisubiri.

"Stefani! Stefani! Mhabeshi yuko wapi?"

"Anakuja nyuma," nikasema.