Matembezi ya ziwani yafuate mwezi wa wavuvi

Siku ya pili ya Idd-el-Fitri tulipanda boti watu kumi na wanne pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Sita kati yetu walikuwa watoto. Tulikuwa na masufuria mawili ya pilau, dumu la juisi ya ukwaju na mkeka. Mpango ulikuwa kuondoka saa moja asubuhi, lakini pilau ilichelewa kuiva, shemeji alichelewa kufika, na boti likasukumwa majini saa nne na nusu.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Tulifuata ukingo kuelekea kaskazini, milima ikiwa mkono wa kulia, tukafunga kwenye kijighuba chenye mawe. Pale maji ni maangavu kiasi kwamba watoto walilala kifudifudi juu ya mwamba wakahesabu samaki: wa mistari, wa manjano, mmoja wa bluu aliyekuwa akifukuza wenzake wote kwenye jiwe lake. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ughaibuni watu huwafuga sebuleni kwenye matangi ya vioo. Mtoto wa Ujiji anahitaji miwani ya kuogelea tu, na bado wapo watoto wengi wa Ujiji ambao hawajawahi kuwaona. Hilo linaniuma. Ziwa tumeliachia kazi, na raha yake tumewaachia wageni wanaokwenda hifadhi za Gombe na Mahale.

Kwa hiyo sisemi watu wasiende. Nataka waende zaidi, ila si kwa namna tuliyokwenda sisi.

Saa tisa alasiri wingu jeusi lilikaa juu ya milima, na upepo ukatangulia mvua. Ndipo tulipoulizia majaketi okozi. Yalikuwepo tisa, yamesukumwa chini ya ubao wa mbele, yamefungwa pamoja kwa kamba yenye fundo lililokauka. Boti likiyumba, mtu mzima anang'ata fundo kwa meno. Mpwa wangu wa miaka sita tulimvika jaketi la mtu mzima, likampanda hadi masikioni. Angeanguka majini, jaketi lingeelea na yeye angechomoka chini yake. Nahodha, kijana hodari kwa kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kwenye dagaa alfajiri ile ile, na hakuwa amelala.

Tulifika salama, tumelowa, watoto wanalia.

Jioni nilipita kwa baba mkwe, aliyevua miaka mingi kule Katonga. Hakunigombeza.

"Mliondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa nne na nusu, baba."

"Saa nne sisi tumeshauza dagaa, tumelala." Akanyamaza kidogo. "Na mwezi ulikuwa wa ngapi?"

Lilikuwa swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza. Ilikuwa Idd-el-Fitri, mwezi ulikuwa wa siku ya pili, uzi mwembamba unaozama mapema. Maana yake usiku ulikuwa giza, na giza ndilo msimu wa mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, lakini kanuni haijabadilika: mwanga wa taa huvuta dagaa juu pale tu anga linapokuwa jeusi. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, dagaa hutawanyika, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Nyavu hushonwa, mashine hufunguliwa na kusafishwa, maboti hulala mchangani.

Tazama sasa tunachofanya. Idd-el-Fitri huja mwezi unapoandama, kila mwaka, haina njia nyingine. Ndiyo siku tunayomiminika mwaloni kutafuta matembezi, na ndiyo siku ambayo manahodha wenye uzoefu wako kazini usiku kucha. Tunapata aliyechoka, au tunapata mdogo wake. Halafu tunasema ziwa ni baya.

Maoni yangu ni haya: matembezi ya familia yasogezwe katikati ya mwezi, kuanzia tarehe kumi hivi mpaka kumi na nane za mwezi wa Kiislamu. Nahodha atakuwa amelala usiku wake, na atakuwa anatafuta kipato katika siku ambazo ziwa halimpi. Idd-el-Haji, inayoangukia tarehe kumi, inafaa kuliko ile ndogo. Tahadhari yake ni kwamba miaka hii inakuja Mei au Juni, wakati wa kusi, kwa hiyo ni kuondoka alfajiri na kuwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Pilau ipikwe usiku.

Boti la uvuvi halitoshi kuitwa la abiria kwa sababu tu limesafishwa. Likaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, lipewe kibali cha kubeba watu na idadi yake. Kuna watakaosema hizi ni gharama za bure kwa safari ya kufuata ukingo tu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Ukingo wa kwetu nao unashuka ghafla: ziwa lenye kina cha mita 1,470 halianzi polepole kama bwawa.

Na jaketi la mtoto si jaketi dogo la mtu mzima. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, na lina mkanda unaopita katikati ya miguu ili asichomoke. Mvike, mshike mabegani kwenye kitambaa, mnyanyue. Likipanda mpaka kidevuni, si lake. Boti zetu nyingi hazina la saizi hiyo, na mimi sisubiri tena mwenye boti alinunue. Anayenunulia watoto nguo za Idd na viatu anaweza kuchangishana na ndugu zake wakapata mawili matatu yanayozunguka katika ukoo.

Sisi tumenunua mawili. Mpwa wangu alilijaribu uani, nikamnyanyua kwa mabega, halikupanda. Amekataa kulivua mpaka wakati wa kulala, na kila jioni anatoka nje kuangalia mwezi umefika ukubwa gani.