Kotisoli inalaumiwa kuliko inavyostahili

Siku hizi kila balaa la mwili hutwishwa kotisoli, ile homoni ya msongo. Kitambi, usingizi kuruka, uchovu wa mchana, vyote ni "kotisoli iko juu", na wauza virutubisho wanaahidi kuishusha. Wasiwasi huo una msingi. Mwenye ugonjwa wa Cushing, ambaye homoni hii humzidi kwa muda mrefu, hupanda presha na sukari, mifupa yake hudhoofika, na hata hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, inaweza kusinyaa. Msongo usiokwisha nao una madhara yake.

Lakini wanaoilaumu homoni huusahau ubongo unaoiagiza. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo CRH, ambayo kundi la mtafiti Wylie Vale liliibainisha mwaka 1981. CRH huichochea pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, itoe homoni nyingine, ACTH, nayo ACTH husafiri kwa damu hadi tezi za adrenali, juu ya figo, ambazo ndizo hutoa kotisoli. Kotisoli ikishatosha, yenyewe huurudia ubongo na kuuzuia usiagize zaidi. Kwa mtu anayelala usiku, hupanda alfajiri, hufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka, na huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kipimo cha damu kisichotaja saa kilipochukuliwa hakielezi mengi, na kupanda kwa asubuhi si ugonjwa.

Thamani ya mpango huu huonekana pale unapovurugwa. Mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi anameza predinisoloni, dawa ya steroidi inayofanya kazi kama kotisoli, kwa miezi. Ubongo unaichukulia dawa hiyo kuwa kotisoli tele, unaacha kuagiza, na adrenali zinanywea. Siku akiacha vidonge ghafla, kwa kuwa amepata nafuu au fedha zimekwisha, anabaki hana dawa wala kotisoli yake mwenyewe. Anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaporomoka. Maambukizi ambayo mwingine angeyamudu yanaweza kumuua. Mfumo kurejea huchukua wiki, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Krimu za kujichubua zenye klobetasoli, zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, zinaweza kuleta hali hiyo hiyo, na wengi wanaozipaka hawajui kwamba wanatumia steroidi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: tunawatisha watu na kotisoli nyingi, huku hatari ya kuikosa haitajwi dukani wala saluni.

Daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza mwaka 1855 ugonjwa wa adrenali zilizoharibika, na kwa miongo mingi baada yake wagonjwa hao walikufa tu. Leo wanaishi kwa hidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa. Wakipata homa kali au wakifanyiwa upasuaji, dozi huongezwa, kwa sababu ubongo wenye tezi nzima ungeagiza kotisoli zaidi saa hiyo hiyo.