Mkekawe Akashika Mimba

Najua imeshawafikia. Yule jamaa yangu wa Barabara ya 12 hawezi kukaa na habari hata kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, na anavyoisimulia yeye, eti nimemwita mke wangu mkeka mbele ya baba yake mzazi. Uongo! Aliyesema ni simu. Mimi nilikuwa nimekaa kimya, natafuna kashata.

Sasa isikilizeni kwa mwenyewe.

Ugonjwa wangu wa vitabu vya bure mnaujua. Vile vya zamani, ambavyo haki za watunzi zimeshakwisha muda, watu wanavipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kompyuta inageuza picha kuwa maandishi, halafu wanaojitolea wanapitia na kusafisha. Mambo haya yalianza 1971, Michael Hart wa Marekani alipoliandika Tangazo la Uhuru la nchi yake kwenye kompyuta ya chuo, ndipo ikazaliwa Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure mtandaoni. Yeye kachangia wazo. Mimi wa Makorora nachangia vistari.

Ndiyo, vistari. Kompyuta ikitazama ukurasa mkuukuu inaona mambo yake. Herufi m ikififia kidogo, inaisoma r na n, basi "mtu" anakuwa "rntu", kama mtu mwenye mafua. Na neno lililokatwa mwisho wa mstari hubaki limekatwa hivyo hivyo hata likishahamia katikati. Kwenye kitabu nilichokuwa nacho, cha hadithi za kale, neno lililopata ajali nyingi kuliko yote lilikuwa mkeka. "Akatandika mke- ka akalala juu yake." Msicheke bado, akiba itawaishia.

Utaratibu wa kutuma masahihisho naufahamu vizuri tu. Unataja kitabu, unaonyesha mstari, unaandika ulivyo na unavyotakiwa kuwa, na kabla ya hapo unalinganisha na picha ya ukurasa wenyewe. Moja moja. Tahajia ya kizamani haiguswi, hata ikikuwasha. Lakini saa saba usiku, na joto la Tanga la mwezi wa pili, nani ana moyo wa moja moja? Nikaiambia programu itafute "mke- ka". Ikajibu hakuna. Kumbe kistari cha kitabuni na cha kibodi changu ni ndugu wa baba mbalimbali: kwa macho vinafanana, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Nikapandwa na hasira, nikaandika "mke" peke yake, badilisha iwe "mkeka", kote. Mahali 214! Vile vi-"ka" vilivyobaki yatima nikavifagia. Nikatazama ukurasa wa kwanza, safi kabisa, nikawatumia wale wa kujitolea, nikalala usingizi wa mtu aliyelisaidia taifa.

Wenye akili mmeshaona nilichofanya. Mimi nilikuwa bado.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, macho yake yana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena. Nikaona nijipendekeze. Ijumaa baada ya alasiri nikaenda na kitabu changu kwenye simu, na ile programu ya kusoma kwa sauti. Barazani alikuwepo mzee, mashemeji wawili, na jirani aliyekuja kuomba ndimu akaamua kukaa. Mama mkwe yuko dirishani anachambua mchicha. Simu nikaitia kwenye bakuli tupu ili ivume. Bakuli lile! Nalikumbuka, la bati, lina maua mekundu.

Yule dada wa kwenye simu akaanza, sauti kavu kama anatangaza kifo.

"Palikuwa na maskini mmoja na mkekawe."

Mzee akainamisha sikio.

"Mkekawe akamwambia, mume wangu, leo hatuna chakula."

"Mkeka umesema?" mzee akauliza. Nikajibu, "Baba, hadithi za kale hizo, hata wanyama husema." Nilijiona mjanja sana. Jasho lilikuwa limeshaanza mgongoni.

"Akatandika mkekaka."

"Mkekaka ndiyo nini?"

"Mjukuu wa mkeka," akadakia shemeji mdogo, yule anayebeti. Mkono wangu ukaenda kwenye bakuli. Simu ikateleza, ikalala kifudifudi, na bati likazidi kuvumisha.

"Akamshika mkono mkekawe, wakaingia ndani. Mkekawe akashika mimba."

Jirani kahawa ikamtokea puani. Naapa, niliiona ikitoka. Mimi nahangaika kuigeuza simu, vidole vinateleza kwa mafuta ya kashata, na kila nikiigusa kioo, dada anaongeza kasi.

"Akazaa mtoto wa kiume. Yule maskini akatajirika, akaoa mkeka wa pili. Mkeka mwenza akaona wivu. Mume akamkekamea."

Shemeji akaanguka chini kabisa, analia, "Mkeka wa pili! Wa kwanza umechanika!" Dirishani mchicha ukasimama. Kisha pazia la mlango likafunguka, akatoka mke wangu, khanga begani, taratibu, akauliza kwa adabu ile inayotisha: "Huo mkeka mwenza uko wapi?"

Mzee hakucheka. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Mwanangu, siku ulipomleta mshenga wako kwenye baraza hii, ulitaka binti au ulitaka ukindu?"

Yaliyofuata hayana maana. Nimeomba radhi, nimenunua khanga doti mbili, wale wa kujitolea wamenijibu kwa upole wakiuliza nimelinganisha na picha za kurasa zipi, na kwa bahati kitabu chenyewe walikuwa hawajakigusa. Faili langu nimefuta. Narudia upya, kistari kimoja kimoja, mchana. Nikiingia ukweni, shemeji anatandika kitu sebuleni na kunikaribisha: "Shemeji, mkaribie dada."

Jana usiku simu ikaita, mzee. Moyo ukanipasuka. Nikamwamkia, akaitikia, akakohoa kidogo.

"Hebu niambie," akasema, "yule mtoto wa mkeka, mwisho alipata usultani?"