Maiki 24

Kazi yangu huku Marekani ni kutunza wazee. Jumatatu moja mwezi wa tatu, bibi ninayemtunza aliniambia leo hatulali mapema, tunakwenda shuleni kwa mjukuu wake, wasanii wa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, wanakuja kuimba. Nikadhani amechanganya mambo kama anavyochanganya siku za dawa. Wasanii wa Broadway tiketi zao hazikamatiki. Watafuata nini kwenye ukumbi wa shule ya sekondari New Jersey, tena siku ya kazi?

Kumbe kweli, na kumbe hiyo Jumatatu ina sababu yake. Waigizaji wale hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki, siku nyingine mara mbili kwa siku, na kumbi nyingi hufungwa Jumatatu ili wapumzike. Mji wenyewe, magharibi ya Newark, ni mmoja wa ile miji ambayo watu wa jukwaa huipenda kwa sababu treni inawafikisha Manhattan, ziliko kumbi hizo, bila tabu. Wamejenga maisha pale, wana watoto, na watoto wanasoma shule ya umma. Mwalimu wa maigizo alihitaji maiki 24, zile ndogo za kubandika shavuni, kwa kuwa za zamani zilikuwa zinakoroma. Akaambiwa bajeti haina. Basi wasanii wakaitana, kama tunavyoitana sisi kwa harambee.

Kiingilio kilikuwa dola 35. Bibi alinilipia, Mungu amzidishie. Kwenye korido yenye makabati ya wanafunzi palikuwa na meza ndefu ya mnada wa kimyakimya: mbele ya kila kitu kuna karatasi, unaandika jina na bei, anayekuja nyuma yako anaandika zaidi. Vijitabu vya maonyesho vyenye saini. Nafasi ya watu wawili kuzungushwa nyuma ya pazia la ukumbi mmoja wa Broadway. Keki ya limau. Somo la sauti, saa moja, na mwimbaji ambaye hata mimi nisiyejua mambo hayo nilikuwa nimelisikia jina lake. Nilisimama kuisoma karatasi ya lile somo. Majina 9 yalikuwa yameshapangana, na wa mwisho alikuwa ameandika pesa ninazolipwa mimi kwa wiki nzima.

Ndani palikuwa na piano moja, kiti kirefu kimoja, na watoto kama 30 wamesimama nyuma kwa fulana nyeusi. Wasanii walikuwa 7. Hakuna vazi la kumetameta. Mmoja alikuja na raba za mazoezi. Kila mmoja aliimba wimbo au mbili, kisha akasimulia mchezo wake wa kwanza shuleni. Aliyetuchekesha zaidi alianzia kuwa mti, wa pili kutoka kushoto, na mama yake bado ana picha ya mti huo sebuleni. Mwingine alisahau maneno katikati ya wimbo, akasimama, akamwangalia mpiga piano, akarudia tangu mwanzo huku ukumbi mzima ukicheka.

Mimi nimekulia Kilifi. Harambee ninayoijua ina hema, viti vya plastiki, kina mama wa kwaya waliosimama juani tangu saa tatu, na mgeni rasmi anayefika saa nane. Akifika anahutubia habari za uchaguzi, halafu ndiyo bahasha: "hii ni yangu na ya marafiki zangu." Tunampigia makofi kwa pesa ambazo nusu yetu tunashuku zilikotoka. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Nilishangilia na wenzangu kwenye simu. Lakini hakuna aliyetuambia nani sasa akalie kile kiti cha mgeni rasmi chenye kitambaa cheupe.

Usiku ule kiti chenyewe sikukiona. Meya alikuwepo, bibi alinionyesha kwa kidole bila haya: safu ya tano, anakula biskuti. Hakuitwa jukwaani. Na wasanii hawakuleta bahasha, walileta kazi yao, ileile wanayoifanya kwa mshahara siku nyingine sita, wakaifanya bure siku ya saba. Kama kuna jambo nililowaonea wivu Wamarekani wale, ni hilo. Ni desturi yao ya siku nyingi. Vipindi viwili kwa mwaka, ukitoka kwenye onyesho Broadway unaweza kuwakuta waigizaji mlangoni, rangi bado usoni, wameshika ndoo nyekundu wakichangisha kwa ajili ya Broadway Cares, shirika lililozaliwa miaka ya 1980 wakati UKIMWI ulipokuwa unawamaliza wenzao. Hawakusubiri mheshimiwa.

Wasanii wetu je? Nisiwasingizie, wapo wanaojitolea kimyakimya. Ila nimewaona wengi kwenye malori ya kampeni, na bado sijamwona aliyerudi kwenye lile bwalo alikojifunzia kusimama mbele za watu. Na wengi wao walijifunzia bwaloni humo, kati ya harufu ya maharage na moshi wa kuni.

Sasa nije kwenye maiki. Karibu na mwisho alipanda mwanamume mmoja mnene, nywele zimeanza kumtoka. Mstari wa kwanza, maiki ikakoroma. Wa pili, ikafa. Kijana wa mitambo, miaka yake kama 16, akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya hadi masikio yakamwiva. Yule bwana akaiweka maiki juu ya piano taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akasogea mbele na kuimba hivyohivyo. Nilikuwa nyuma kabisa, mahali pa viti vya magurudumu. Kila neno lilinifikia. Alipomaliza, mama aliyekuwa akiongoza shughuli akashika kichwa: "Umetuharibia mchango! Nani atatoa pesa za maiki sasa?"

Nilicheka peke yangu kwa sababu nyingine. Mwalimu wangu wa drama alikuwa akitusimamisha chini ya mwembe upande mmoja wa uwanja wa mpira, yeye anakwenda kusimama kwenye goli la upande wa pili. Kama hasikii, unarudia. "Sauti itoke tumboni, si kooni! Koo ni la kumezea ugali." Kwenye mchezo wetu nilikuwa mzee wa kijiji mwenye ndevu za makonge, nyuzi tulizookota kandokando ya shamba la Vipingo, na ndevu zile ziliwasha vibaya kuliko upupu. Maleba yalikuwa leso za mama zetu. Tulikwenda mashindano ya mkoa Mombasa tumesimama kwenye lori la shule, tukashika nafasi ya tatu. Mwamuzi alisema sauti zetu zinafika, mandhari yetu ni ya aibu.

Kwa hivyo sikumhurumia yule mwalimu wa maiki kama walivyotarajia nimhurumie. Nilichomhurumia ni kingine, nilikiona wiki chache baadaye, mezani kwa bibi. Mjukuu wake alikuwa ameinamia kitabu cha mchezo, ana raba mkononi, anafuta. Kila alama ya penseli, kila mshale wa "ingia kushoto", kila "pumua hapa". Nikamuuliza mbona anaharibu kazi yake. Akasema vitabu ni vya kukodi. Shule hukodi maneno na muziki kutoka kampuni yenye haki, inalipa kwa kila onyesho, haina ruhusa kubadilisha hata neno, na mwisho vitabu vinarudi vikiwa safi, wasiporudisha safi wanatozwa. Alisema hivyo kama jambo la kawaida kabisa, akapuliza vumbi la raba na kufungua ukurasa mwingine.

Nikakumbuka kuwa The Lion King, ule mchezo wa nyimbo wa simba, uko Broadway tangu 1997. Simba, Rafiki, hakuna matata, asante sana: Kiswahili chetu kinauziwa tiketi pale usiku baada ya usiku. Lipo toleo fupi la watoto pia, na shule ikilitaka inalikodi. Mmoja wa wale wasanii 7, aliposikia natoka Kenya, alinisalimu kwa "asante sana" akiwa na furaha ya kweli, nami nikaitikia "karibu sana", ningefanyaje.

Kule kwetu mwalimu ndiye huandika. Tamasha la drama la shule Kenya lilianza 1959, na utamu wake wote uko katika upya: kila mwaka michezo mipya, juu ya jambo linalowaka mwaka huo. Wizi wa mifugo, wizi wa mitihani, wasichana wanaoozwa, mashamba. Michezo ya kuigiza, mashairi, masimulizi, ngoma, siku hizi na filamu, kuanzia ngazi za chini za mashinani mpaka taifa, na washindi wanakwenda kucheza mbele ya Rais. Najua shule kubwa siku hizi zinalipa waandishi na waelekezi wa kutoka nje, na pesa zinaanza kuongea hata huko. Bado shule ya vumbini yenye mwalimu mwenye kichaa cha kalamu inaweza kuipiga shule ya mabweni ya ghorofa. Nimeshuhudia.

Na kwa kuwa maneno ni yetu, yanauma. Wamarekani hawakunielewa nilipowasimulia Aprili 2025: wasichana wa shule ya Butere wamefika kwenye tamasha la taifa Nakuru na mchezo unaoisema serikali, Mahakama Kuu imeamuru waruhusiwe, aliyeuandika amekamatwa, polisi wanarusha vitoa machozi nje, na watoto wale wakaimba wimbo wa taifa kisha wakashuka jukwaani bila kucheza. "Kwa mchezo wa shule?" bibi aliuliza. Ndiyo, kwa mchezo wa shule. Nilisema kwa hasira, na ndani ya hasira ile, nikiri, mlikuwa na fahari kidogo. Hakuna atakayetuma polisi kwa ajili ya mchezo wa kukodi.

Kuna jingine nisilofumbia macho. Ninakoishi mimi ni vituo kadhaa vya treni kuelekea mashariki ya mji ule, na shule ya mwanangu haina mwalimu wa maigizo kabisa. Yuko wa muziki, wanamgawana shule mbili. Shule ya umma Marekani hutegemea sana kodi ya nyumba za mji wake: nyumba ghali, shule nono. Sasa ongeza kwamba msanii huimba anaposoma mtoto wake. Msaada unafuata nyumba. Nilimuuliza yule mama mwongoza shughuli, kwa adabu, kama wamewahi kufikiria kuimbia na mji wa jirani. Akasema ni wazo zuri sana. Nimekaa huku miaka 14, najua "wazo zuri sana" maana yake nini. Kwetu angalau watoto wa vumbini na watoto wa ghorofani hupambana jukwaa moja, mbele ya waamuzi walewale.

Jumapili iliyofuata nilimpigia simu yule mwalimu wangu wa drama. Amestaafu, analima minazi na mihogo, lakini shule inamwita kila muhula wa kwanza na hawezi kukataa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekuacha?"

Nikamsimulia yote. Akataka kujua wale waimbaji walilipwa ngapi. Nikasema hawakulipwa. Akauliza kama walau walipewa chakula. Nikasema biskuti, tena zililiwa na meya. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na huo mchezo wa watoto, mwalimu wao kauandika lini?"

"Hajaandika, mwalimu. Wamekodi."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Wamekodi maneno?"

"Wamekodi."

"Haya." Nikasikia kuku wakipita nyuma yake. "Na hizo maiki, pesa zilitimia?"

"Zilitimia usiku uleule."

"Sasa zile kuukuu wamezipeleka wapi?"

"Si ulisema maiki zinaharibu watoto?"

"Watoto wangu hawatazigusa. Za kukodisha harusini, tupate nauli ya basi. Mwaka huu lori wamelikataza."

"Lakini zinakoroma, mwalimu."

"Harusini nani anasikia?"