Zamani tulichangia petroli, leo hata bure hatuangalii

Mei 2008 Unguja nzima ilikuwa kiza. Walioishi hapa wanaikumbuka, ile njia ya umeme wa kutoka bara iliharibika tukakaa karibu mwezi mzima hivi hivi, mafriji yakageuka makabati ya nguo, maji hamna kwa sababu pampu hazifanyi kazi, na sisi vijana wa Mji Mkongwe katika shida zote zile iliyokuwa ikitukosesha usingizi unajua ni ipi? Fainali ya IPL, ligi ya kriketi ya India. Ile ya kwanza kabisa, tarehe 1 Juni, Rajasthan Royals ya Shane Warne na Chennai ya Dhoni.

Pale Mchangani kuna ami mmoja ana duka la nyuzi na zipu, ana tivii ndogo juu ya kabati na dishi darini, jenereta anayo ila petroli wakati ule unaitafuta kwa tochi. Tukachanga. Huyu mia mbili, yule mia tano, mie nikatoa nauli ya skuli ya siku mbili nikawa natembea. Jenereta inanguruma hapo mlangoni hata mtangazaji humsikii, tunaangalia midomo tu, tumebanana kama dagaa baina ya maboksi ya vifungo, mpaka mpira wa mwisho kabisa, Sohail Tanvir akapiga wakakimbia, Rajasthan bingwa kwa wiketi tatu (yaani walibakiwa na wapigaji watatu hawajatolewa). Tukaruka. Ami akazima jenereta pale pale. Hata kombe hatukuliona likinyanyuliwa, akasema hii iliyobaki ya kesho kazini, nendeni makwenu.

Sasa njoo Ramadhani ya 2025. IPL imeanza tarehe 22 Machi, tuko kumi la mwisho. Kwa saa zetu mechi za usiku za kule India zinaanza saa kumi na moja jioni, kwa hiyo zamani hesabu yake ilikuwa unaangalia ova kumi na tano hivi (ova moja mipira sita), adhana, unafuturu mbio mbio, unakwenda tarawehe, na ukitoka tu msikitini bado hujavaa kiatu unauliza vipi, nani kashinda, na siku zote alikuwepo mtu anajua (alijuaje na yeye alikuwa ndani anaswali na sisi, hilo tumwachie Mola wake). Safari hii imepita kama wiki nzima ndio nikamuuliza mwenzangu, yule yule aliyetoa mia tano 2008, vipi mechi ya ufunguzi Kolkata walifanya nini? Akaniangalia. "Kwani imeanza?"

Na umeme upo siku hizi. Bando lipo. Simu yake ina kioo kikubwa kuliko ile tivii ya ami.

Ndio nikakaa nikajiuliza tumekuwaje. Wazee wana jibu lao tayari, kwamba kriketi fupi, hii T20 ya ova ishirini kila timu, ni mchezo wa watoto, imeharibu adabu ya mchezo, sijui nini na nini. Mie hapo siko nao. Mie kriketi nimeipendea hiyo hiyo fupi, 2007 pale Durban Yuvraj Singh alipomtandika Stuart Broad sita (mpira unavuka mpaka bila ya kugusa chini) mara sita ndani ya ova moja, na ile fainali ya Kombe la Dunia la T20 pale Johannesburg India na Pakistani, Misbah wa Pakistani anataka kuuchota mpira upite nyuma yake ukaishia mikononi mwa Sreesanth, India wakashinda kwa mikimbio mitano (mikimbio ndio pointi za kriketi). Bila ya T20 mie leo ningekuwa najua Liverpool tu basi. Ufupi hauna kosa.

Kosa ni kwamba hujui ushike wapi.

Hebu fikiria mpira wetu huu wa miguu. Fikiria mshambuliaji wa Simba, Januari yuko Simba, Februari umwone Yanga, Machi kavaa jezi ya Azam, Aprili yuko Mlandege, na mwakani yote yanapigwa mnada upya. Wewe utamtukana nani? Utabishana na nani barazani? Hata utani wa jadi unakufa, maana utani unataka adui anayekaa sehemu moja. Ndio kriketi ya ligi hizi. 2024 Kolkata wamechukua ubingwa, nahodha wao Shreyas Iyer, basi ungetegemea nahodha bingwa awekwe kwenye pamba. Hawakumbakisha. Novemba akapigwa mnada kule Jeddah, Punjab wakamnunua kwa rupia milioni 267.5, na kweli akawapeleka fainali ya 2025. Hongera zake. Lakini yule mtoto aliyenunua jezi yenye jina lake 2024 afanye nini nayo, adekie?

Halafu zimekuwa nyingi. Januari 2025 peke yake ulikuwa na ligi ya Australia, ya Afrika Kusini, ya Emirates, ya Bangladesh, zote zinakwenda kwa pamoja, na wachezaji wanashuka ndege hii wanapanda ile. Ya Afrika Kusini ina timu sita na zote sita ni za wenye timu za IPL. Tajiri wa Mumbai Indians (ndio hiyo MI) ana MI Cape Town, ana MI Emirates, ana MI New York, jezi buluu zote. Mpwa wangu siku moja ananionesha klipu, mtu kapiga sita mpira umetoka nje ya uwanja, kweli limepigwa hilo pigo, nikamuuliza hii ligi gani? Hajui. Nani kashinda? Hajui. Anayepiga nani? Akaivuta picha kwa vidole viwili, akafikiri, akasema, "MI." MI ya wapi? "Ya buluu."

Basi na hilo pigo lenyewe limeshuka bei. Aprili 2024 Hyderabad walipiga 287 ndani ya ova 20, Bangalore wakajibu 262, jumla mikimbio 549 jioni moja. Mara ya kwanza unashika kichwa. Siku kumi na moja baadae Kolkata wamepiga 261 na Punjab wameifukuzia wameipita, na mie nilikuwa nakata vitunguu wala sikugeuka. Viwanja vimepigwa pasi kama kanzu ya Iddi, mrushaji kazi yake imebaki kuleta mpira upigwe, juu yake 2023 wameongeza na kanuni ya kuingiza mchezaji wa akiba katikati ya mechi kwa hiyo kila timu ina mpigaji wa ziada. Sita zikiwa nyingi hivyo ni kama halua bila ya kahawa, vipande viwili vitamu, cha kumi unatafuta maji.

Najua mtu atanambia weye huna habari, viwanja India vinajaa pomoni, na haki za kutangaza za miaka mitano kuanzia 2023 zimeuzwa zaidi ya dola bilioni sita. Kweli kabisa, wala sibishi, siisemei Ahmedabad mie, naisemea baraza ya Mchangani. Ila hata wakubwa wameshaonja. Australia Januari 2016 waliingiza watu 80,883 kwenye mechi moja ya ligi yao pale Melbourne, wakaona eh kumbe, wakarefusha, kutoka mechi nane kila timu mpaka 14, ligi ikawa haishi, watu wakachoka, mwisho 2023 wamerudi wenyewe kwenye kumi. Na walipopunguza watu wakarudi uwanjani. Sie tunalijua hilo tangu zamani, Kombe la Mapinduzi tamu kwa sababu linakuja Januari linakwenda zake, lingechezwa miezi tisa nani angekwenda Amani usiku na baridi ya kusi ile (ndio, kwetu ile ni baridi).

Kitu kimoja kilichonishtua mwenyewe lakini. Fainali ya 2025, tarehe 3 Juni, Bangalore na hao hao Punjab wa Iyer, duka la ami lilijaa. Mwaka mzima hakuna aliyeuliza matokeo na siku ile watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za nyumba ya jirani. Kwa nini? Kohli wa Bangalore. Mtu mmoja timu moja tangu 2008, misimu 18, fainali tatu walizofika kabla zote wamepoteza, wamechekwa mpaka wamezoea. Walipobakisha mipira michache na ushindi ushaonekana yule bwana akaanza kulia uwanjani na kuna watu wazima mle dukani walikuwa wanajifanya vumbi limewaingia machoni, tena vumbi la nyuzi. Kwa hiyo hatukuchoka kriketi, na wala hatukuichoka IPL. Tumechoka vitu visivyokuwa na jana. Na Kohli huyo huyo, medali iko shingoni, akasema furaha hii bado iko ngazi tano chini ya Testi, ile kriketi ndefu ya siku tano baina ya mataifa, na Testi alikuwa kaziacha wiki tatu tu nyuma.

Testi nazo ndizo zinaumia. Februari 2024 Afrika Kusini wamepeleka New Zealand kikosi cha akiba, nahodha Neil Brand ndio kwanza anacheza Testi yake ya kwanza, wachezaji wao wakubwa wamebaki nyumbani kwa ajili ya ligi ya MI na wenzake. Wakapigwa, bila shaka. Mie iliniuma kuliko nilivyotegemea, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni Afrika. Mwaka uliofuata, Jumamosi ile ya Juni pale Lord's kule London, fainali ya dunia ya Testi, nahodha Bavuma mguu unamuuma anachechemea na Markram kapiga 136, wamemfunga Australia wamechukua kombe kubwa la kwanza tangu 1998, na kwenye grupu letu la wasap watu waliokuwa kimya miezi wakafufuka.

Ami yeye ana daftari. Lile refu la jalada gumu, upande huu anaandika madeni ya mafundi cherahani, ukiligeuza upande wa pili anaandika kriketi. Mpigaji, mikimbio, katolewa na nani, kwa hati ndogo. Fainali ya 2008 imo, nimeiona. IPL za mwanzo zimo nyingi, kisha zinapungua, kisha kuna kurasa zina tarehe tu chini yake hamna kitu, halafu hata tarehe hamna. Nilimuuliza akasema, "Mwanangu, naandika ili nije nisome. Hizi nitasoma nini?" Akanisimulia badala yake Kombe la Dunia la 1975, timu yetu ya Afrika Mashariki, Kenya Uganda Tanzania Zambia ndani ya jezi moja, na Glenn Turner wa New Zealand kapiga 171 peke yake na sisi timu nzima kwa ova zetu zote sitini tumepata 128. Mechi tatu, kipigo mara tatu. Anaisimulia kama harusi yake. Miaka hamsini ile, na anakumbuka tuliopigwa, wakati bingwa wa Emirates wa Februari 2025 mie nikiulizwa sasa hivi lazima nifungue simu.

Wakati mwengine najiona mzushi kwa sababu na mie kukaa siku tano siwezi, nina kazi na watoto. Lakini Testi huikai, unaipitia. Kama bao pale barazani, watu wawili wameinama, kete bado ziko mkononi wananamua, unapita kwenda sokoni unawaona, unarudi na samaki wako unaona mmoja nyumba yake imeliwa, unasimama kidogo, unaambiwa kilichotokea, unachangia ujinga wako, unaondoka. Kuna bao la kujifunza pia, fupi, zuri, sijapata kuona mtu mzima kaliwekea kiti kulitizama.

Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025 nilipita dukani saa saba mchana kununua uzi mweusi. Testi ya tano ya England na India, uwanja wa Oval, siku ya tano, mfululizo mzima umefika hapo hapo, England wanataka 374 na wanakaribia. Kuna fundi cherahani kashasimama kaunta anataka zipu dazeni mbili za suruali za skuli, ami kamwambia subiri kidogo. Wiketi ya tisa ikaanguka, zimebaki mikimbio 17, akatoka Chris Woakes, mpigaji wa mwisho wa England, bega limetoka tangu siku ya kwanza, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya sweta, gongo kashika kwa mkono mmoja. Uwanja wote ukasimama. Fundi, ambaye nadhani kriketi hajaiangalia maishani mwake, akauliza, "Huyu naye vipi, mgonjwa?" Tukamweleza. Akavuta kigoda.

Mwenzake Atkinson upande wa pili anahangaika kumficha Woakes asipate mpira, wanakimbia, yule maskini kila akikimbia uso unamkunjika, na fundi sasa ndiye anayepiga kelele kuliko sote, mkimbilie, mwacheni mgonjwa, mpaka Siraj, mrushaji wa India, akaja akakivunja kijiti cha Atkinson, India kwa mikimbio sita, mfululizo mbili mbili.

Ami akageuza daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe. Nikachungulia begani. Kaandika majina yote, na mwisho kabisa: Woakes, 0, hakutoka, hakupata mpira hata mmoja. Chini yake akapiga mstari kwa rula.

"Ami," fundi akasema, "sasa zile zipu?"