Hadubini ya Raman: mwanga unaopima na mwanga unaobadilisha

Mwaka 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman na K. S. Krishnan walionyesha kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga unaopita katika maada hutoka na rangi iliyobadilika kidogo, kwa kuwa imebadilishana nishati na mitetemo ya atomi. Leo leza inayopitishwa katika hadubini husoma mitetemo hiyo ndani ya doa lenye upana wa mikromita 1 au chini yake. Kwa fuwele za feroelektriki, ambazo chaji zake chanya na hasi zimeachana zenyewe kwa mwelekeo unaoweza kugeuzwa kwa umeme, usomaji huo una thamani ya pekee, maana kuachana huko hutokana na atomi kusogea kidogo kutoka mahali pake pa ulinganifu. Katika bariamu titaneti, mstari (rangi moja mahususi ya mwanga uliobadilika, inayotokana na mtetemo mmoja) ulio karibu na namba-wimbi 305 kwa sentimita, kipimo cha ukubwa wa badiliko la rangi, hufifia fuwele inapovuka nyuzi 120 hivi za Selsiasi na kupoteza sifa yake ya kiferoelektriki.

Wanaoitetea mbinu hii husema, kwa haki, kwamba haihitaji nyaya wala kukata sampuli, na kwamba mwanga unapozisukuma elektroni mpaka zikajenga uga wa umeme ndani ya fuwele, mkazo unaofuata huonekana papo hapo katika mistari.

Pingamizi lake ni zito. Miliwati 1 ikikusanywa katika doa la mikromita 1 hufikia zaidi ya kilowati 100 kwa sentimita ya mraba, yaani zaidi ya mara milioni ya jua kali la mchana. Fuwele inayofyonza mwanga huo hupata joto, na joto nalo husogeza mistari na kuipanua. Hivyo mtafiti anaweza kuita kazi ya mwanga kile ambacho ni kazi ya moto.

Naliona pingamizi hili kuwa sababu ya kupima kwa uangalifu zaidi, si ya kuiacha mbinu. Mwanga uliotawanyika ukiwa umeongezewa nishati, ukilinganishwa na ule uliopungukiwa, hutaja halijoto ya doa lenyewe. Inawezekana pia kutenganisha kazi: leza ya zambarau ya nanomita 405 iamshe fuwele ya feroelektriki ya bismathi feriti, ambayo pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayohitajika kuiamsha elektroni, ni elektronivolti 2.7 hivi, na leza nyekundu hafifu ya nanomita 633 isome. Hata hivyo nyekundu hiyo haiaminiki moja kwa moja, kwani kasoro za fuwele hufyonza hata fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye nishati iliyo chini ya pengo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni giza. Joto la doa dogo hivyo hutoweka mara tu leza inapozimwa, lakini chaji zilizonaswa, kama katika lithiamu niobeti yenye chuma, hubaki muda mrefu. Ugumu ni kwamba kuyasoma mabaki hayo hudai leza iwashwe tena, na mwanga huohuo unaweza kuyafuta. Ukifupisha usomaji ili kuyahifadhi, ishara ya Raman, ambayo kwa asili ni dhaifu, huzama katika kelele za kigunduzi.