Mzazi anayeuliza "ataajiriwa wapi" hajakosea

Mabinti wa nyumbani Dodoma wananiandikia sana, na ujumbe wao unafanana. "Shikamoo dada. Nimesikia unafanya mambo ya nyota huko Ujerumani. Kwani huko wanawake wanapewa nafasi?" Mara nyingine anayeandika ni mzazi, na yeye hazunguki: "Mwanangu akisoma hayo, ataajiriwa wapi?"

Swali la mzazi ndilo naliona lina uzito kuliko mengi yanayosemwa kwenye semina za kuhamasisha wasichana. Mnazijua semina hizo. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, fulana zinagawiwa, binti anaambiwa ajiamini, picha ya pamoja inapigwa, kila mtu anarudi kwao. Binti wa shule ya wasichana ya Msalato anayeongoza darasa kwenye fizikia hana shida ya kujiamini. Anachokosa ni jibu la kumpelekea baba yake jioni ile anapochagua kati ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na tahasusi nyingine.

Mimi nachakata data za darubini za redio, si mbali na Bonn. Watu wakisikia hivyo wanadhani nakesha usiku nimebana jicho moja. Kazi yenyewe ni kompyuta, kuandika programu na kuchuja kelele za simu na setilaiti ili mawimbi yaliyotoka angani yabaki peke yake. Darubini kubwa ya huku, ile ya Effelsberg yenye sinia la mita 100 kwa upana, ilijengwa bondeni kwa makusudi ili vilima viikinge na kelele hizo.

Je, wanawake wanapewa nafasi? Ya kuingia, ndiyo. Hata hivyo hiyo nayo ilipatikana kwa kuvutana, na si zamani sana. Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1967 alipogundua mapigo ya redio yanayojirudia kwa mpangilio, yakatufungulia habari za pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Bell mwenyewe hakutajwa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 alizitoa zote zikasomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yanayoachwa nyuma. Marekani nako, mwanaastronomia Vera Rubin aliruhusiwa rasmi kutumia darubini za Palomar mwaka 1965, akakuta jengo lina choo cha wanaume tu. Alikata karatasi umbo la sketi akaibandika kwenye ile picha ya mwanamume mlangoni. Leo kuna kituo kizima cha darubini kule Chile chenye jina lake, na picha zake za kwanza zilitoka Juni 2025.

Kuna jambo moja wenzetu walilifanya ambalo halihitaji fedha, na ningependa tuliige kesho asubuhi. Ukitaka muda wa kutumia darubini ya anga ya Hubble unaandika maombi, kamati inayapima. Kwa miaka mingi maombi yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yakifaulu zaidi kidogo. Mwaka 2018 wakaanza kuficha majina ya waombaji, na duru ile ile ya kwanza wanawake wakawapita wanaume kidogo. Kufuta jina kwenye karatasi! Mfuko wowote wa utafiti wa Tanzania unaweza kufanya hivyo bila kusubiri mfadhili.

Ila baada ya kuingia ndipo mambo ya huku yanapogeuka. Ukimaliza uzamivu unapata mkataba wa miaka miwili au mitatu. Ukiisha, unatafuta mwingine, na mara nyingi uko nchi nyingine au bara jingine. Sheria ya Ujerumani inakuruhusu kufanya kazi za mikataba ya namna hiyo chuoni miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake, na kila mtoto anaweza kukuongezea hadi miaka 2. Zaidi ya hapo upate kazi ya kudumu au utafute ustaarabu mwingine. Likizo ya uzazi yenyewe sina la kuilaumu: wiki 6 kabla ya kujifungua na 8 baada, kisha mzazi anaweza kukaa na mtoto hadi miaka 3 kazi yake ikilindwa. Lakini kulindiwa kazi kuna faida gani kama kazi yenyewe ni ya miaka miwili? Miaka ile mwanasayansi anayotakiwa kuhamahama ndiyo ile ile mwanamke anayotaka kuzaa. Wenzangu wa kike walioacha niliowafahamu hawakushindwa hesabu. Walichoka kufungasha.

Kwa hiyo mwanamke anapotelea njiani huku na huko, ila kituo ni tofauti. Kwetu anapotea mapema, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na minane, anapochagua masomo. Huku anapotea akiwa na miaka thelathini na kitu, ameshaitwa daktari.

Na nyumbani kuna mambo ambayo mtu wa huku angeyatamani. Mwalimu wa fizikia wa kike akishaajiriwa serikalini ana kazi hadi kustaafu. Likizo yake ya uzazi ni siku 84, au 100 akijaliwa mapacha, analipwa, anarudi kwenye meza yake ile ile. Akiwa na mtoto mchanga yuko mama mzazi, yuko mama mdogo, yuko jirani wa pale Makole anayejua kumbeba mtoto bila kuambiwa. Mimi hapa nikiugua homa napiga simu kituo cha kulelea watoto, wanasikitika, simu inakatwa.

Nisilipambe lakini. Mara nyingi anayebaki na mtoto huyo ni dada wa kazi, na dada huyo mara nyingi katoka kijijini Mpwapwa, Kondoa au Singida, shule aliiachia njiani. Mwanamke mmoja anasoma fizikia kwa sababu msichana mwingine hasomi chochote. Sijawahi kusikia jambo hili likitajwa kwenye semina za fulana.

Sasa niingie kwenye kinachoniuma. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote linapita juu yake, la kusini na la kaskazini. Mvua inakatika, na tangu Mei hadi Oktoba mawingu hupungua. Miezi ile ile ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kitovu cha galaksi yetu kinapanda zaidi ya nyuzi 65 kutoka upeo wa macho, karibu na utosi wa watu wa Chamwino na Bahi. Hapa nilipo hakifiki juu, kinachungulia kama nyuzi 10 hivi juu ya upeo wa macho halafu kinazama, na hapo mawingu yakitaka. Kukichunguza kitovu hicho ndiko kulikompa mwanaastronomia Andrea Ghez Nobel ya fizikia ya mwaka 2020, mwanamke wa nne kuipata. Tangu serikali ihamie, taa za mjini zinazidi mwaka hadi mwaka, lakini ukitoka kidogo tu giza bado ni la kweli.

Anga hilo halina ajira hata moja. Afrika Kusini walipoandaa mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA, nchi nyingine nane za Afrika ziliingia ubia: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Hesabu wenyewe majirani zetu hapo. Mafunzo na ufadhili vikafuata orodha hiyo. Ethiopia wao wana darubini mbili za mita 1 juu ya mlima Entoto. Sisi tuna anga na wasichana.

Mtaniambia sisi ni maskini. Angalieni Argentina. Si nchi ya kujivunia uchumi wake, ila kwenye Umoja wa Kimataifa wa Astronomia sehemu ya wanawake kati ya wanachama wake inaziacha mbali Ujerumani na Japani. Sisemi sababu ni moja, lakini Argentina ina shirika la taifa la utafiti linaloajiri wanasayansi kwa kudumu, na mtu mwenye kazi ya kudumu anaweza kupanga nyumba yake.

Ndiyo maana sidai darubini. Darubini itakuja na mgeni rasmi, itazinduliwa, itafunikwa turubai. Nadai nafasi tatu za kudumu kwenye chuo kimojawapo pale Dodoma, za watu wa kufundisha na kutafiti nyota kwa kutumia data zilizokwisha kukusanywa na wengine. Data za chombo cha anga cha Gaia, kilichopima nyota, peke yake zina nyota karibu bilioni 1.8, ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Watatu hao watatoa wanafunzi, na wanafunzi hao hata wakikosa nafasi ya nyota watakuwa wanajua takwimu na programu kiasi cha kubisha hodi Ofisi ya Taifa ya Takwimu au Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hilo ni jibu ambalo mzazi anaweza kulielewa.

Basi kwa mabinti mlioandika: PCM, ndiyo. Jifunzeni Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mapema, hata kwa simu ya kuazima. Njooni huku kwa uzamili mkipata ufadhili, mtafundishwa vizuri na hakuna atakayewashangaa maabara. Ila msije mkidhani mmefika.

Mkataba wangu unaisha mwakani. Tangazo likitoka Dodoma nitaomba, hata kama mshahara ni theluthi ya huu. Huwa nafungua tovuti ya ajira kila Jumatatu, na mpaka leo sijaliona.